Misumari Sita

Chumba changu cha Chang'ombe hakina kabati.
Kina misumari sita nyuma ya mlango,
niliyoipigilia mwenyewe kwa kisigino cha kiatu
mwezi ule nilioajiriwa masijala, kule Mtumba,
nikaapa: wa saba sitaupiga.

Mshahara wangu ukiingia, unaingia umeshachoka.
Bodi ya mikopo imeumega kabla sijaunusa,
kodi imeupungia mkono tangu mbali,
na Mpwapwa kuna bati la mama linalovuja
hata mwaka usio na mvua.
Kinachobaki, elfu ishirini na tano,
nakiviringisha ndani ya soksi isiyo na mwenzake.
Hiyo ndiyo bajeti ya nguo. Waziri wake ni mimi,
na bunge lake hukaa Jumamosi alfajiri, Sabasaba,
belo linapokatwa kamba.

Usitazame rangi, aliniambia Sechelela muuza nguo,
rangi ni maneno ya mchumba.
Geuza ndani nje. Vuta mshono
kama unavyovuta sikio la mtoto mkaidi;
usipolia, chukua.
Kisha kagua kwapa. Kwapa halijui kudanganya.

Sikufundishika siku moja.
Mwaka juzi, barabara ya Tisa, niliona dirishani
viatu vyeupe kama mtindi,
nikaitapisha soksi akiba ya miezi miwili.
Viatu vyeupe! Dodoma! Agosti!
Upepo haukuniuliza nimevinunua bei gani.
Hadi nafika kazini vilikuwa rangi ya barabara,
na mwezi ule mboga yangu ilikuwa mlenda,
halafu mlenda, halafu mlenda wa jana.

Tangu hapo nachagua rangi zinazoelewana na vumbi:
kaki, ugoro, kahawia,
zambarau ya zabibu iliyobakiza wiki moja kuiva.
Suruali ya sufu, elfu tano;
fundi Ndahani aliikata miguu kwa buku mbili
akinung'unika kwamba aliyeivaa kwanza
bila shaka alikuwa mlingoti.
Sare ya harusi ya binamu Yaredi nimeishona sketi.
Ndoa yenyewe imekwishachuja;
kitenge, bado.

Na koti. Koti nililipata Juni,
baridi ilipokuwa ikiuma masikio ya mbuzi,
elfu saba, baada ya kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili.
Ndani ya ukosi, kwa uzi mwekundu,
mtu alidarizi jina lenye konsonanti nyingi
kuliko mdomo wangu unavyoweza kubeba.
Ndahani akainua wembe: "Nilitoe?"
Liache, nikamwambia.
Kuna mtu, mahali fulani, aliogopa koti hili lisipotee.
Limepotea vizuri.

Jumatatu yake, mkurugenzi alisimama mlangoni kwetu,
akalitazama koti, akanitazama mimi, akarudi kwenye koti.
"Hili umelipata wapi?"
"Mtumba."
"Hapa hapa? Mbona mimi silijui hilo duka?"
Tabitha wa faili za siri akazama chini ya meza, mabega yakimcheza.
Mimi nikaendelea kupanga majalada,
nikiwa nimenyooka kama mtu mwenye fundi.

Jumamosi hii nimerudi na gauni la kijani.
Halina kosa. Nimelivuta kila mshono, limekaa kimya.
Sasa nimekaa kitandani, nimelipakata,
natafuta nani ashuke.
Sketi? Yaredi ataniuliza.
Suruali? Ndahani ataniua.
Mkono unafika kwenye koti, vidole vinaligusa lile jina,
vinarudi vyenyewe.
Upepo unasukuma mlango, nguo zote sita zinayumba
kama watu kwenye foleni wanaoogopa kuitwa.

Pembeni ya kitanda, viatu vile vyeupe,
ambavyo siku hizi ni vyeusi kwa kiwi,
vimelala ubavu.
Nakitazama kisigino.
Nacho kinanitazama.